Karavani kuukuu kuwa nyumba: jinsi ya kukarabati ndani, kuanzia kwenye maji

Mtu akiingia kwenye karavani kuukuu inayouzwa, yaani trela ya kuishi inayovutwa na gari, macho hukimbilia makabati, mapazia na kona atakayoweka kitanda. Hivyo vyote vitang'olewa, kwa hiyo si vya kukagua leo. Kinachoamua kama chombo hicho kitakuwa nyumba ya kuishi au banda la kuku ni maji: yaliyokwisha kuingia, yanayoingia sasa, na yatakayoingia mvua ijayo. Baada ya maji huja uzito. Urembo huja mwisho, nao ndio kazi nyepesi kuliko zote, ingawa ndio unaopigwa picha.

Nimeupanga mwongozo huu kwa mfuatano huo. Vifaa, vipimo na ladha badilisha utakavyo; mfuatano usiuguse. Plaiwudi mpya ikipigiliwa juu ya mbao mbichi utaibandua tena kabla harufu ya rangi haijaisha.

1. Kagua kabla hujatoa pesa

Jua kwanza unanunua jamii gani. Karavani nyingi za zamani ni fremu ya mbao laini nyembamba, nje bati la alumini, ndani plaiwudi ya milimita 3, na katikati foamu nyeupe. Mbao hizo nyembamba ndizo zinazobeba kila kitu, na ndizo zinazooza bila mtu kuziona. Jamii ya pili ni ya Airstream, ambazo zilianza kutengenezwa miaka ya 1930: ganda la alumini limefungwa kwa riveti kwenye mbavu za alumini. Humo mbao kubwa ni ya sakafu tu, lakini sakafu yenyewe imebanwa katikati ya ganda na chasisi. Ikioza upande wa nyuma, ganda na chasisi huanza kuachana. Ya tatu ni ya fiberiglasi, kama Boler na Scamp, ambazo ganda lake ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kiunoni. Hizi zina viungo vichache kwa hiyo huvuja kidogo, ila makabati yake husaidia kubeba paa. Ukiyang'oa yote kwa mkupuo bila kuweka nguzo za muda, paa linabonyea.

Nenda na tochi, bisibisi, na kipima unyevu cha pini mbili ukiweza kukipata. Anza na pua. Harufu ya ukungu kwenye karavani iliyofungwa haidanganyi, na muuzaji aliyejaza manukato ndani siku ya kukuonyesha amekupa habari bila kutaka. Kisha bonyeza kuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha, kwenye kona zote za dari, kuzunguka tundu la hewa la juu, na nyuma ya taa za nje. Plaiwudi nzima inagoma. Iliyooza inaingia ndani kama mkate. Kipimo kikisoma chini ya asilimia 15, tulia. Kikipita 20, kuna mahali panavuja. Kikipita 30, hesabu kwamba utabadilisha mbao, na umtake muuzaji apunguze bei kwa hesabu hiyo.

Tembea sakafuni polepole, kisigino kwanza. Sakafu inayocheza au kulia mlangoni na mbele ya sinki ni ya kawaida kwa umri huo na inatengenezeka. Inayodidimia kandokando ya kuta zote ni kazi nyingine kabisa.

Kisha lala chini, uangalie chasisi. Kutu ya juu juu si hoja. Kutu inayobanduka kwa maganda, hasa mahali pa kuungia na gari na pale ekseli iliposhikwa, ndiyo ya kuogopa. Matairi yasome: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama, kwa hiyo meno mazima si hoja. Likipita miaka 6 au 7, libadilishe. Mwisho linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye hati. Karavani isiyo na hati haina bei nafuu.

2. Fahamu uzito unaoruhusiwa

Kwenye fremu ya mbele au karibu na mlango kuna kibati chenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa karavani ikiwa tupu. Kinachobaki ndicho mgao wako wa godoro, nguo, maji, betri, gesi, vyombo, na kila ubao utakaoongeza. Kwa karavani ndogo mgao huo unaweza kuwa kilo mia mbili au tatu tu. Watu huushtukia wakiwa wameshajenga jiko la zege.

Hapa plaiwudi ndiyo inayotenda dhambi nyingi. Karatasi moja ya milimita 18 yenye ukubwa wa kawaida, mita 1.22 kwa 2.44, ikiwa ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ina uzito wa kilo 40 hivi. Plaiwudi ya mti wa bechi ya ukubwa huohuo ni kilo 36 hivi. Ya mti wa popla ni kilo 24 hivi, na ukishuka hadi milimita 12 inakuwa kilo 16. Makabati ya karavani moja yanaweza kula karatasi sita au nane, kwa hiyo uchaguzi huo mmoja pekee una tofauti ya zaidi ya kilo mia. MDF ina kosa la pili: ikinywa maji inavimba na hairudi. Binafsi siiingizi kwenye karavani hata kwa mlango wa droo. Bodi ya jasi nayo iache kwenye nyumba zisizotembea. Ni nzito, na mtikisiko wa barabara huipasua viungoni.

Kama karavani itakaa mahali pamoja maisha yake yote, una uhuru zaidi, lakini ekseli na fremu bado zina kikomo. Na utakapoamua kuihamisha siku moja, kibati kile kitakuwa bado kinasema vilevile.

Sheria za uzito, leseni ya kuvuta, bima na ruhusa ya kuishi ndani ya chombo cha magurudumu hutofautiana baina ya nchi na nchi. Ziulize kwa mamlaka husika sasa, kabla hujabomoa, kwa sababu jibu linaweza kubadili ramani yako yote.

3. Bomoa kwa utaratibu

Toa betri, funga mtungi wa gesi na uuweke nje, chomoa umeme wa nje. Piga picha kila ukuta, kila kona, kila waya unapopita. Kisha piga tena. Picha hizo utazitafuta wakati umeshika waya mbili za rangi moja na hujui ipi inakwenda wapi.

Kama ndani kuna kinyesi cha panya, usifagie pakavu. Nyunyizia maji yenye dawa ya klorini, acha dakika chache, kisha pangusa ukiwa na glavu na barakoa. Karavani za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na asbesto kwenye vigae vya sakafu au ubao wa nyuma ya jiko, na rangi yenye risasi. Kitu unachokishuku usikikate wala kukipiga msasa. Peleka kipande kipimwe. Friji ya zamani ya gesi ina amonia kwenye mabomba yake, kwa hiyo itoe nzima.

Fungua kwa kufuata mkondo uliotumika kujenga, kinyumenyume: mito na milango, kisha droo, kisha makabati ya juu, kisha ya chini. Makabati yanayogusa dari yaache mpaka umesimamisha nguzo mbili tatu za muda kati ya sakafu na paa. Plaiwudi ya kuta, hata iliyooza, itoe taratibu na uandike mgongoni imetoka wapi. Hiyo ndiyo kiolezo chako cha kukatia mpya, yenye mkunjo wa paa na matundu ya madirisha tayari.

4. Ziba maji yasiingie

Hapa ndipo mradi mzima ulipo. Tenga muda mara mbili ya unaodhani.

Maji hayapiti katikati ya bati. Hupita kwenye viungo: reli za alumini zinazofunika kona, reli ya kushikia hema, fremu za madirisha, tundu la hewa la darini, taa za nje, na mlango wa friji. Kila kiungo kiliwekwa kamba laini ya butili, mpira unaonata, kiwandani, na butili ikizeeka inakuwa ngumu na kupasuka. Skrubu za chuma zinashika kutu, tundu linapanuka, na maji yanafuata uzi wa skrubu hadi ndani ya mbao. Ndiyo maana doa unaloliona chini ya dirisha mara nyingi limetoka kwenye reli iliyo mita moja juu yake.

Kishawishi cha kila mtu ni kupaka silikoni juu ya kiungo cha zamani. Usikubali. Silikoni haishiki vizuri juu ya uchafu na butili kuukuu, hufungia maji ndani badala ya kuyatoa, haipokei rangi, na siku ukitaka kuifanya kazi upya hata silikoni mpya haitaki kushika juu yake.

Fanya hivi, kiungo kimoja baada ya kingine. Chomoa kifuniko cha plastiki kwenye reli, fungua skrubu zote, bandua reli polepole ili isijikunje. Kwangua butili ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao. Cha chuma kinakwaruza alumini na mkwaruzo huo ni mlango mwingine. Futa mabaki kwa spiriti nyeupe, kisha kwa spiriti ya kusafishia jeraha, mpaka kitambaa kitoke safi. Ukiona mbao chini ni laini, acha reli ikiwa wazi hadi umalize hatua ya 5. Ikiwa nzima, bandika utepe mpya wa butili nyuma ya reli, rudisha reli, na weka skrubu za chuma kisichoshika kutu, nene kidogo kuliko za mwanzo ili zishike mbao nzima pembeni mwa tundu la zamani. Kaza kidogo kidogo, kutoka katikati kuelekea ncha. Butili itajitokeza pembeni. Iache siku moja, kaza tena, ndipo ukate iliyozidi kwa kipande cha plastiki.

Madirisha ni vilevile, toa, safisha, butili mpya, rudisha. Kwenye paa, juu ya viungo vilivyokwisha kuzibwa, unaweza kuongeza dawa ya kuzibia ya poliyurethani inayobaki na mnyumbuko, kwa sababu paa hupanuka na kusinyaa zaidi kuliko kuta.

Kisha jaribu kwa bomba la maji kabla ya kufunga chochote ndani. Mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine nje na bomba lisilo na nguvu kubwa. Anza chini, sehemu moja kwa dakika kumi, ndipo upande juu. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Anayekaa ndani asiangalie tu, apitishe na kiganja kwenye mbao: unyevu mkono unausikia kabla tone halijaonekana. Rudia siku ya mvua halisi yenye upepo, ukibahatika kuipata, kwa sababu upepo husukuma maji hadi mahali bomba halifiki.

5. Mbao na sakafu

Acha fremu ikauke kwanza, hata kama ni wiki kadhaa. Feni na madirisha wazi vinatosha. Ukiwa na mashine ya kukausha hewa ni haraka zaidi. Usiendelee mpaka kipimo kishuke chini ya 15.

Kata mbao iliyooza mpaka ufike kwenye nzima, kisha ongeza sentimita kumi zaidi, maana kuvu hutangulia mbele ya uozo unaouona. Unga kipande kipya kwa kukata ncha zote mbili mshazari au kwa kulaza kipande cha pili ubavuni, gundi isiyoyeyuka kwa maji, skrubu. Dawa za kugandisha uozo ni sawa kwa doa dogo, si kwa nguzo ya kona.

Sakafu ya karavani nyingi ni plaiwudi mbili nyembamba na foamu katikati. Zikiachana, sakafu hucheza. Eneo dogo linaweza kutobolewa matundu, kudungwa gundi ya epoksi na kukandamizwa kwa uzito usiku mmoja. Eneo kubwa, badilisha kwa plaiwudi ya milimita 12 au 15 isiyoogopa maji. Kabla ya kuilaza, paka kingo zote na upande wa chini rangi ya kuzuia maji au epoksi, mikono miwili. Kingo ndizo zinazokunywa maji, na ndizo zinazosahaulika.

6. Chora ramani sakafuni

Sasa una boksi tupu lililo kavu. Isawazishe karavani kwa jeki kwanza, pimamaji ikiwa sakafuni. Ile miguu ya pembeni ni ya kutuliza, usiitumie kuinulia.

Chora nyumba yako sakafuni kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, na usimamishe maboksi kwa urefu halisi. Meza ya jiko sentimita 90 kutoka chini, kiti 45, meza ya kulia 72 hadi 75, njia ya kupita isipungue 55. Kitanda cha watu wawili kinaanzia upana wa 120, ingawa kwa 120 mtajuana vizuri. Kisha ishi humo jioni nzima. Jifanye unapika, unageuka, unavaa suruali, unafungua mlango wa friji mwenzako akiwa amesimama. Hapa ndipo utagundua kwamba droo na mlango wa choo vinagombania nafasi moja.

Vitu vizito, yaani tangi la maji, betri na friji, viweke chini, juu ya ekseli au karibu nayo, na vigawanye kulia na kushoto. Uzito ukirundikana nyuma, karavani huanza kuyumba ikivutwa na kuyumbisha gari. Matrela ya Marekani hupangwa ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye kiungo cha gari. Karavani za Ulaya ni 5 hadi 7. Soma kikomo cha gari lako pia.

7. Waya, gesi na mabomba kabla ya kuta

Umeme wa volti 12 uanze na daftari. Andika kila kifaa, wati zake, na saa zake kwa siku. Mfano wa mtu mmoja au wawili: friji ya kompresa wati-saa 450, feni 160, kompyuta ya mkononi 180, taa za LED 100, simu 30, pampu 20. Jumla ni 940. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280 na unaweza kutumia sehemu kubwa yake. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo utumie nusu tu ukitaka idumu, kwa hiyo utahitaji mbili, na kila moja ina uzito unaozidi mara mbili wa ile ya lithiamu. Lithiamu ina sharti lake: isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Paneli za sola za wati 300, mahali penye saa 4 hadi 5 za jua kali, hurudisha kati ya wati-saa 900 na 1,100 baada ya hasara za njiani.

Waya uwe wa nyuzi nyingi, kwa sababu wa uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko. Unene upigie hesabu. Pampu inayokula ampea 5 ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza asilimia 3 hivi ya volti, wa 1.5 hupoteza karibu 5, na pampu inaanza kulalamika. Inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri, kwa hiyo iweke jirani yake kabisa na waya mnene mfupi. Fyuzi kuu iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, na kila tawi liwe na fyuzi yake. Fyuzi hulinda waya, kwa hiyo ukubwa wake uutafute kwenye unene wa waya.

Waya zipitishe ndani ya mipira ya kulinda. Ganda la PVC la waya likigusana na foamu nyeupe kwa miaka, ile foamu hunyonya kilainishi chake na waya hubaki mkavu unaopasuka. Mfumo wa umeme wa nje wa volti 230 au 120 mwachie fundi mwenye leseni, na udai kifaa kinachokata umeme ukivuja (kwa volti 230, cha miliampea 30).

Gesi pia ni ya fundi mwenye leseni. Unachopaswa kujua mwenyewe ni kwamba propani na butani ni nzito kuliko hewa, hivyo gesi inayovuja hutulia sakafuni. Matundu ya chini ya sakafuni, yale yanayopitisha baridi na kukukera, yapo kwa ajili hiyo. Usiyazibe. Mtungi ukae kwenye boksi linalofunguka nje tu, lenye tundu chini.

Maji: mabomba ya plastiki ya PEX, pampu, tangi. Lita 100 ni kilo 100, na zinasafiri nawe. Bomba la maji machafu lishuke sentimita 2 kwa kila mita, na kila sinki liwe na kona ya U, la sivyo tangi litakuletea harufu mezani. Kwa choo, kile cha kutenganisha mkojo na kinyesi hakihitaji maji wala tangi kubwa. Cha kaseti, chenye tangi dogo la kuchomoa, hupendeza wageni lakini kinahitaji mahali pa kumwaga kila siku chache. Chagua kulingana na mahali utakapokaa, maana hapo aibu haina nafasi.

Kabla ya kufunga kuta, pigilia vipande vya mbao katikati ya fremu kila mahali patakaponing'inia kabati, rafu, televisheni au kishikio. Plaiwudi ya milimita 3 haishiki skrubu ya kitu chochote kizito. Kisha weka futi ya kupimia ukutani na upige picha tena ikiwa inaonekana. Miezi miwili baadaye, ukuta ukiwa mweupe, picha hiyo itakuambia waya uko sentimita ngapi kutoka kwenye kona.

8. Kihami joto na pumzi

Karatasi za foamu ngumu ya XPS za milimita 25 ndizo zinazofaa karavani nyingi: hazinywi maji na ni nyepesi. Zikate zibane, ziba mianya kwa povu la kopo lisilopanuka sana, funika viungo kwa utepe wa alumini. Pamba ya kioo huteremka kwa mtikisiko na kuacha juu patupu, na ikilowa inakaa na maji ubavuni mwa mbao zako.

Lakini kihami peke yake hakizuii ukuta kutoka jasho. Watu wawili wakilala hutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku kwa pumzi na ngozi. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakielea ndani ya chumba chenye ukubwa wa bafu. Kwa hiyo weka tundu la hewa lenye feni darini, karibu na jiko, na acha hewa iingilie upande mwingine. Chini ya godoro weka chaga za mbao zilizoachana, kamwe si ubao mzima, la sivyo godoro litaota ukungu kwa chini huku juu ukilisifu.

King'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi si mapambo. Kizima moto kikae karibu na mlango, ili ukikifuata uwe unaelekea nje. Na dirisha moja, mbali na mlango, liwe linafunguka kiasi cha mtu kupita.

9. Kuta, makabati, rangi

Kuta ni plaiwudi ya milimita 3 hadi 5, gundi na misumari midogo, viungo vikifunikwa kwa ukanda mwembamba wa mbao. Usihangaike kuviziba kwa unga wa ukutani, vitapasuka safari ya kwanza.

Kazi ngumu ya makabati ni ule mkunjo wa paa. Kata kadibodi ikaribie umbo, isimamishe mahali kabati litakapokaa, chukua kipande kidogo cha mbao chenye penseli iliyofungwa ubavuni, kisha kiburuze ukutani. Penseli itachora mkunjo uleule kwenye kadibodi. Kata kwa mkasi, jaribu, punguza, jaribu tena, ndipo uhamishie kwenye plaiwudi. Kadibodi ni rahisi kuliko popla.

Tumia gundi pamoja na skrubu kila kiungo, kwani skrubu peke yake hulegea barabarani. Kila mlango na droo uwe na kitasa cha kubonyeza kinachofunga kabisa. Sumaku haiwezi kuzuia sahani kwenye kona. Migongo ya makabati itoboe matundu machache ili hewa ipite kati yake na ukuta wa nje.

Rangi: safisha, piga msasa mwepesi, praima inayoshika kwenye sehemu nyororo, mikono miwili ya rangi ya maji. Rangi za mwanga hukuza nafasi, na hilo umeshalisikia. Sakafu ya vinaili ya kipande kimoja hushinda vigae, kwa uzito na kwa maji.

10. Pima, tembeza, kaza

Jaza tangi, weka vyombo vyako vyote, peleka karavani kwenye mizani ya magari. Pima jumla, pima na uzito wa kiungo cha mbele. Kama umepita kikomo, anza kwa kupunguza maji unayosafiri nayo, kisha vitabu, kisha vyombo vya chuma.

Beringi za magurudumu ziwe zimeshafunguliwa na kupakwa grisi, na breki ziwe zimekaguliwa, kabla ya safari hii. Endesha polepole kwenye barabara mbaya uliyo nayo karibu, simama, ingia ndani na usikilize. Fungua kila droo, shika kila kabati na ulitikise, angalia chini ya sinki kwa tishu kavu. Gesi ijaribiwe tena kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Na baada ya kilomita 50 za kwanza, toa spana ya kupimia nguvu na ukaze tena nati za magurudumu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ekseli.